Farasi wangu wote wametoka rangi moja: jibu kwa kijana wa Tanga na makurasia wake

Swali lilikuja hivi: "Shikamoo mwalimu. Mjomba kaniletea kutoka Uingereza boksi la vijisanamu vya makurasia wa Napoleon (wale askari wa farasi wenye dirii, yaani bamba la chuma la kifuani na mgongoni), milimita 28, plastiki, wako 14, nataka niwatumie kwenye mchezo wa mezani wa vita vya Waterloo. Nimeshamaliza wanne. Farasi wote wametoka kahawia moja, dirii zimekuwa kijivu tu haziwaki, na spre ya praima imeacha unga unga. Halafu niligundisha mpanda farasi juu kabla ya kupaka, sasa brashi haifiki kwenye tandiko. Hawa kumi waliobaki niwafanyeje, na niwapake rejimenti gani? Niko Tanga."

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwanza kwa kuanza na makurasia, maana wengi wanawakwepa, wanaona zile dirii za chuma wanadhani kazi yote iko pale. Haiko pale. Chukua kijisanamu chako kimoja kiweke mezani, rudi nyuma mpaka pale unaposimama ukiwa unacheza, mita moja hivi, afu angalia unaona nini: theluthi mbili ni farasi, na yule bwana wa juu ni chapeo, kifua kinachong'aa na wekundu kidogo mabegani, basi. Kwa hiyo mi ntaongea sana habari za farasi na hayo mengine ntayapitia juu juu, usininunie.

Ila nianze na gundi maana ndo imekuharibia wale wanne. Mpanda farasi usimgundishe juu ya farasi kabla hujapaka. Kwenye milimita 28 kati ya paja la askari na tandiko hapapiti brashi yoyote, na kwa makurasia ni balaa zaidi kwa sababu pale pale panakutana buti nyeusi zinazopanda hadi juu ya goti, suruali, ile ngozi ya kondoo nyeupe iliyotandikwa juu ya tandiko, na upanga unaoning'inia ubavuni, vyote sehemu moja. Askari mgundishe kivyake mpaka amalizike, mikono, kichwa, upanga, kila kitu, afu toboa kitundu chini ya makalio ingiza kipande cha klipu ya karatasi iliyonyooshwa, chomeka kwenye kizibo, sasa una mshikio. Farasi naye mbandike kwa muda kwenye kifuniko cha chupa. Siku ya kuwaunganisha kwangua rangi kidogo pale makalio yanapokaa, kisha tumia supaglu, sio gundi ya plastiki, gundi ya plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki na plastiki yenyewe na kukiwa na rangi katikati haishiki kitu.

Farasi wa plastiki anakuja nusu mbili, kushoto na kulia, na hapo ndo gundi ya plastiki ni mfalme. Fuata namba au herufi za kwenye fremu, kile kiunzi cha plastiki vipande vinapokuja vimeshikana nacho, nusu ya farasi huyu usimpe yule kwa sababu tu zimekaribia kuingiliana, utapata mnyama anayekimbia shoti mbele na kutembea nyuma. Paka gundi, bana mpaka plastiki iliyoyeyuka itokeze kamstari kwenye maungio, halafu uache, usiguse mpaka kesho. Kesho yake kamstari kamekauka, unakakwangua kwa mgongo wa kisu na kumalizia na tupa ya kucha ya duka la vipodozi, zile laini kabisa, zinafanya kazi vizuri kuliko nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii na bei ni tofauti kabisa. Mstari wa tumboni achana nao, hakuna atakayempindua farasi wako kuangalia tumbo. Mstari wa kwenye makalio, wa mbele ya kifua na wa kwenye paji la uso huo usiuache, hapo ndo rangi ya majimaji itakwenda kukaa na kuuonyesha kwa kila mtu. Kama umebaki mwanya, katakata vipande vya fremu viweke kwenye kichupa chenye gundi ya plastiki ya majimaji, usiku mmoja vinakuwa uji mzito, huo uji ndo wa kujazia.

Sasa unga unga. Hilo lina sababu mbili na zote ziko Tanga. Ya kwanza ni joto na upepo: ukipulizia kutoka mbali, au ukiwa umewasha feni, rangi inakauka hewani kabla haijafika kwenye farasi, inatua kama vumbi. Ya pili ni unyevu, hewa ya pwani ikiwa nzito spre inafanya ukungu mweupe hasa kama praima ni nyeusi. Ukitaka kuendelea na kopo basi chagua siku kavu, litikise kopo dakika mbili bila uvivu, pulizia kutoka sentimita 20 mpaka 30, mapitio mafupi mafupi, anza kupuliza pembeni ya kijisanamu na umalizie pembeni ya pili, usianzie juu yake. Lakini mi ningekuwa wewe ningeacha kopo kabisa wakati wa masika na kununua praima ya brashi, unapaka mikono miwili myembamba, hakuna unyevu wala jirani anayelalamika harufu. Na kitu kingine cha muhimu sana, zile spre za magari za madukani zijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, nyingine zina thina kali ndani na zinaila plastiki, zinaifanya ngozi ya kenge. Haya.

Farasi.

Shida yetu wengi huku ni kwamba hatujakua na farasi. Ndorobo na ugonjwa wake wa nagana havikuwaacha farasi wakaenea huku kwetu kama walivyoenea kwingine, kwa hiyo mtoto wa Tanga anamjua punda, anamjua ng'ombe, farasi anamuona kwenye picha au siku ya gwaride polisi wa Kikosi cha Mbwa na Farasi wakipita. Ndo maana mtu akiambiwa paka farasi anachukua chupa moja ya kahawia anampaka kuanzia pua mpaka kwato, singa, mkia, vyote, anamaliza. Farasi hayuko hivo. Rangi ya farasi ina sheria zake na ukizijua nne tano kazi yako inapanda daraja hata kama mkono wako bado haujatulia.

Aliye wa kawaida kuliko wote kwenye majeshi ya Ulaya ni yule wa kahawia mwenye singa nyeusi, mkia mweusi, na miguu myeusi kuanzia goti kwenda chini. Mwili wake unaweza kuwa wa kahawia ya kuelekea wekundu, au ya kuelekea dhahabu, au kahawia nzito karibu na nyeusi, lakini ile miguu na singa lazima iwe nyeusi, hiyo haina mjadala. Wa pili ni mwekundu mwekundu hivi, rangi ya shaba iliyochakaa, na yeye ni kinyume, hana nyeusi popote, singa yake na mkia ni rangi ya mwili au imepauka zaidi, inafika mpaka ya mchanga. Hawa wawili ndo watu wanawachanganya, wanampa mwekundu miguu myeusi ila singa ya njano, mnyama ambaye hayupo. Wa tatu mweusi. Wa nne kahawia iliyokolea mpaka ukiwa mbali unamuona mweusi ila mdomoni na mbavuni kahawia inatokeza. Wa tano ni huyu tunayemuita mweupe, na ukweli ni wa kijivu: anazaliwa na rangi nzito, anapauka mwaka hadi mwaka, lakini ngozi yake chini ya manyoya inabaki nyeusi, ndo maana mdomo wake, pua na kuzunguka macho ni kijivu kizito. Ukimpaka nyeupe mpaka puani anageuka wa plasta.

Afu kuna alama nyeupe: nyota kwenye paji la uso, au mstari unaoshuka mpaka puani, na soksi nyeupe mguuni. Hizi ndo zinamtenganisha farasi mmoja na mwenzake kwa bei ya tone la rangi. Usimpe kila farasi soksi nne, wengine wape mguu mmoja wa nyuma, wengine miwili, wengine hamna kabisa ila wana nyota. Na kwato inafuata mguu, chini ya soksi nyeupe kwato mara nyingi ni rangi ya pembe, ya mchanga mchanga, chini ya mguu mweusi kwato ni kijivu kizito.

Kwa hawa kumi wako mi ningegawa hivi: wanne wa kahawia wenye miguu myeusi, ila wawili mwili mwekundu kidogo na wawili mwili mzito, wawili wa shaba, wawili wale wa karibu na nyeusi, mmoja mweusi kabisa, na mmoja wa kijivu ambaye ni wa mpiga tarumbeta, sababu ntakuambia. Rejimenti za dirii zilipenda farasi wakubwa wa rangi nzito, hiyo ni kweli, ila wewe unapaka 1815 na kufikia 1815 Napoleon alikuwa hana ubavu wa kuchagua, farasi wake walikwisha Urusi mwaka 1812, mwaka 1813 wakawa wanapanda walichopata, na 1815 ilibidi wachukue hata farasi wa jandameri, wale polisi wa kijeshi. Kwa hiyo mchanganyiko unakubalika kabisa kihistoria, na mezani unapendeza zaidi.

Namna ya kupaka. Ntakupa mmoja kwa undani, wa kahawia wa miguu myeusi, wengine utageuza mwenyewe. Juu ya praima paka mwili mzima rangi ya mchanga iliyokolea au chungwa iliyopooza, ndio, chungwa, usiogope, farasi wa kahawia anayevutia ana moto chini. Ikauke kabisa. Chukua rangi ya mafuta ya tyubu, ile ya wachoraji wa turubai, kahawia ya ambari iliyochomwa (kwenye tyubu imeandikwa burnt umber), tone dogo sana, tyubu moja inaweza kukutosha maisha. Mpake farasi mzima kwa brashi ya zamani, mpake haswa mpaka rangi ya chini isionekane, hapo utaona umeharibu. Kaa dakika kumi na tano hivi, kisha chukua sponji ya vipodozi, ile ya pembetatu, anza kufuta, futa kwa kushuka ukifuata misuli, juu ya makalio, juu ya bega, mbavuni, shingoni. Rangi inatoka kwenye vilima na kubaki mabondeni, na kwa sababu mafuta hayakauki haraka unakuwa na muda wa kuilainisha, hapa umefuta sana unarudisha kidogo, pale pazito unapitisha sponji tena, na ule mpito kutoka kahawia nzito ya tumboni kwenda ile chungwa ya mgongoni unatokea wenyewe bila wewe kuchanganya vivuli sita kwenye paleti. Kwa mtu wa pwani hii ni neema, maana akriliki kwenye joto la Tanga inakauka brashini kabla hujafika kwa farasi. Halafu muweke kwenye boksi, funika vumbi lisiingie, muache siku kadhaa mpaka ukimgusa hanati. Usijaribu kumharakisha juani.

Wa shaba unatumia njia hiyo hiyo, chini chungwa ya kung'aa zaidi, juu kahawia nyekundu ya siena iliyochomwa (burnt sienna). Wale wa karibu na nyeusi, chini kahawia ya kati, juu ambari imechanganywa na nyeusi. Unaona? Chupa tatu za chini na tyubu tatu za juu zimekupa farasi ambao hakuna anayefanana na mwenzake, kwa sababu mkono wako hauwezi kufuta sawa mara mbili.

Tahadhari moja hapa nakuomba uizingatie. Kusafishia brashi ya mafuta tumia waiti spiriti au tapentaini, usitumie thina ya hadwea, ile ya kuchanganyia rangi za magari. Ile inayeyusha plastiki, na inapenya kwenye akriliki yako ya chini kama haipo. Na ufanye dirishani, harufu yake si ya kufungiwa chumbani.

Kama mafuta hayapatikani kuna hizi rangi za kisasa za pasi moja, Citadel walitoa za kwao mwaka 2019 na sasa kila kampuni ina zake, unapaka juu ya praima iliyopauka zinajiweka vivuli zenyewe. Zinafaa, sikatai, farasi anakamilika ndani ya nusu saa. Shida yake ni ile ile uliyoniandikia, zinatoa farasi wa kiwanda kimoja, na kwenye sehemu pana kama makalio zinafanya madimbwi usipozikokota na brashi kavu. Ukizitumia basi changanya chupa mbili tofauti kwa kila farasi.

Farasi akishakauka ndo unarudi na akriliki kwa vitu vidogo. Miguu nyeusi, na usitumie nyeusi tupu, weka tone la kahawia ndani, na mpito wa gotini usiukate kama soksi ya shule, uvunje vunje kwa ncha ya brashi. Singa na mkia hivo hivo kisha brashi kavu, yaani brashi uliyoifuta ikabaki na rangi kidogo tu, ya kijivu kizito kidogo sana. Mdomo kijivu. Jicho ni kitone cheusi chenye mng'ao, basi, usiweke nyeupe ya jicho, farasi mwenye nyeupe nyingi ya jicho anaonekana amepagawa. Hatamu na ngozi zote nyeusi, vichuma vya lijamu fedha, vikuku rangi ya chuma kizito. Kitambaa cha chini ya tandiko bluu nzito chenye mstari mweupe pembeni, mkoba wa nyuma bluu pia, na koti lililokunjwa juu yake ni nyeupe iliyopooza. Ngozi ya kondoo paka krimu, mwagia wosh, yaani rangi ya majimaji, ya kahawia nyepesi, ikikauka brashi kavu nyeupe, halafu ukingo wake wa meno meno ni rangi ya rejimenti.

Hapo sasa askari, na hapa napita haraka maana jamaa hawa ni rahisi. Dirii yako imekuwa kijivu kwa sababu umepaka fedha juu ya praima ya kijivu ukaishia hapo. Chuma haking'ai kwa sababu ya rangi ya fedha, kinang'aa kwa sababu kuna giza pembeni yake. Anza na nyeusi tupu, kifua na mgongo. Kisha chuma kizito, uache nyeusi kwenye mikunjo na chini ya kwapa. Kisha fedha yenyewe, lakini sehemu ya juu ya kifua tu na ule mwinuko wa katikati unaoshuka, nusu ya chini uiache nzito. Wosh nyeusi iliyotiwa maji mengi kwenye kingo. Mwisho mstari mwembamba wa fedha kali kwenye ukingo wa shingo na kitone kimoja pale jua lingepiga. Riveti na mikanda ya magamba ya mabegani shaba ya njano. Usisahau kile kitambaa chekundu kinachochungulia shingoni na kwapani chini ya chuma, ni kamstari tu, lakini ndo kanaifanya dirii ionekane imevaliwa na mtu. Chapeo ni chuma, upanga wake wa juu (ule kama wa jogoo) shaba ya njano, mzunguko wa manyoya meusi, na singa nyeusi inayoshuka mgongoni. Epoleti nyekundu, mikanda nyeupe. Vitani walivaa suruali za kijivu juu ya zile nyeupe, zipake kijivu, zinakuokoa kazi ya nyeupe na zinafaa Waterloo.

Kuhusu rejimenti, rangi zilikwenda kwa tatu tatu: ya 1 hadi ya 3 nyekundu, ya 4 hadi ya 6 chungwa iliyopauka, ya 7 hadi ya 9 njano, ya 10 hadi ya 12 pinki, ya 13 na ya 14 damu ya mzee. Ndani ya kila tatu walitofautishwa na mkono wa koti: wa kwanza kafu (lile pindo la mwisho wa mkono) na kile kipande kidogo kinachosimama juu yake vyote vina rangi ya rejimenti, wa pili kafu tu ndo ina rangi na kipande kinabaki bluu, wa tatu kinyume chake. Kwa hiyo ukipaka njano, kafu njano na kipande bluu, tayari una rejimenti ya 8, na hawa ndo ningekushauri kwa sababu wana hadithi: tarehe 16 Juni 1815 pale Quatre Bras, siku mbili kabla ya Waterloo, jenerali Kellermann aliwaongoza wakaivunja rejimenti ya 69 ya Waingereza na kuichukua bendera yake ya mfalme. Wapinzani wako watakuwa na cha kuogopa. Njano ina tabia mbaya ya kupitisha rangi ya chini, paka kwanza kahawia ya njano njano, kisha njano juu yake mara mbili. Kama hutaki usumbufu, chukua ya 1, nyekundu, haina kesi. Na ukichoka kabisa na madirii kuna rejimenti ya 11, pinki, hao 1815 inajulikana walipigana bila dirii, ila itabidi uzichonge hizo zilizochongwa kifuani na hapo utakuwa umejitafutia kazi nyingine.

Usiwachanganye na karabinia lakini, wapanda farasi wengine wa Napoleon wenye dirii, maana boksi nyingine zina vichwa vyao pia. Wale tangu 1810 walivaa makoti meupe na dirii ya rangi ya shaba ya njano, chapeo yao ina manyoya mekundu juu. Ile dirii maarufu yenye tundu la mzinga upande mmoja hadi wa pili, iliyoko jumba la makumbusho ya jeshi Paris, ni ya karabinia mmoja, Antoine Fauveau, aliyeuawa Waterloo. Mtu akikuambia ile chuma yake ilikuwa inazuia mzinga, mpeleke pale.

Mpiga tarumbeta sasa. Huyu hana dirii, singa ya chapeo yake mara nyingi nyeupe, na anapanda farasi wa kijivu ili kamanda amuone kwenye moshi, ndo maana nilikuambia uweke mmoja wa kijivu. Koti lake kabla ya 1812 lilikuwa limegeuzwa, yaani la rangi ya rejimenti pale ambapo wenzake ni bluu, na amri ya 1812 ikawaweka kwenye kijani cha livrea, yaani sare ya watumishi, ya kifalme yenye utepe. Mpake mwisho wa wote, utakuwa mkono umeshazoea.

Besi, kile kitako anachosimamia farasi. Usiku wa kuamkia Waterloo ilinyesha haswa, na mashamba yale yalikuwa na rai (nafaka inayofanana na ngano) ndefu iliyokanyagwa ikawa matope. Kwa hiyo miguu ya farasi ipige matope mpaka gotini na mengine yarukie tumboni, kwa kipande cha sponji kilichochovywa, inaficha na makosa. Udongo wa pale ni kahawia iliyopauka, usitumie rangi nyekundu kama ya Lushoto hata kama ndo unayoiona kila siku. Mchanga wa ufukweni unafaa ila uoshe kwa maji ya bomba mara kadhaa kwanza, chumvi ikibaki inatokeza nyeupe juu ya rangi baada ya miezi.

Vanishi paka ya brashi, isiyong'aa, kwa sababu ile ya kopo kwenye unyevu inafanya ukungu na ukungu juu ya kazi iliyokamilika unauma kuliko juu ya praima. Pitia farasi, nguo, ngozi, kila kitu isipokuwa dirii, chapeo na upanga. Ikigusa chuma inakirudisha kuwa kijivu na utaniandikia tena. Kama imeshagusa, paka vanishi ya kung'aa hapo hapo tu.

Wale wanne usiwavue rangi, wala usijaribu kuwabandua, mpanda farasi aliyegundishwa kwa gundi ya plastiki hatoki mzima. Unga unga wasugue kwa mswaki mkavu. Kisha wawili kati yao wape singa, mkia na miguu myeusi, tayari wamekuwa wale wa kahawia wa kawaida, na mmoja umpe soksi moja ya nyuma. Wawili waliobaki wape singa iliyopauka na mstari mweupe usoni, wamekuwa wa shaba iliyofifia. Tandiko ambalo brashi haifiki lijaze kahawia nyeusi ya majimaji iingie yenyewe, kiwe kivuli, hakuna atakayejua. Wapange mstari wa nyuma katikati, hawa kumi wapya wawe mbele na pembeni, maana pembeni ndo mkono wa mpinzani na jicho lake vinapofika kwanza.